Kiti Namba Tatu cha Basi ya Uvira

Nilipoanza kazi ya basi hapa Baraka niliambiwa kwamba kiti namba tatu kilichukuliwa zamani na mamba-muntu, yule mwanamke wa ziwa ambaye kutoka kiunoni kushuka ni samaki. Kwamba anapandia Mboko, anashukia Uvira, anafanya soko yake huko, na kwamba haonekani kwa sababu hapendi kusumbuliwa njiani. Aliyeniambia ni konvoyeri, yaani utingo, niliyekuja kuchukua nafasi yake, na aliniapia, mkono mmoja juu, mwingine umeshika ndizi. Ushahidi ulikuwepo. Kutoka Baraka mpaka Mboko kiti kile kilikuwa kikavu kama kinywa cha mtu anayefunga. Tukitoka Mboko kilikuwa kimelowa na kinanuka ziwa. Masika, kiangazi, kila safari. Nikaamini. Wala sikuamini nusu nusu. Niliamini kama ninavyoamini kwamba Tanganyika ni maji.

Sasa nimepumzika kazi. Ninyi vijana wa parkingi, wa teksi na wa pikipiki, mnaniita Directeur, yaani mkurugenzi, na kila asubuhi mnaniuliza kama ni kweli ilikuwepo basi kubwa ya kutoka hapa mpaka Uvira, yenye saa yake ya kuondoka. Ilikuwepo. Nimeishi ndani yake maisha yangu yote ukiondoa utoto. Sitawaambia nilipandishwa cheo lini wala nilipokea nini mwisho wa mwezi, maana habari ya kwanza ni fupi na ya pili inatia usingizi. Nitawaambia kazi.

Siku ya kwanza nilikuja na viatu vya kaka yangu, ndani yake nimejaza majani ya ndizi ili visinitangulie. Shofere alikuwa muzee Asukulu, Mubembe wa Fizi, mtu mwenye shingo nene na maneno machache. Barabara ile aliijua hivi kwamba angeweza kuiendesha akiwa amelala, na kuna wasafiri waliosema ndivyo alivyofanya. Akanitazama viatu, akanitazama uso.

"Unajua kusoma?"

"Kidogo, muzee."

"Kidogo namna gani?"

"Najua kuandika jina yangu, Wilondja."

"Basi leo basafiri bote bataitwa Wilondja."

Akanipa daftari la manifeste, yaani orodha ya watu wote wanaopanda, kila mmoja kwenye mstari wa kiti chake, na kalamu iliyofungwa kwa uzi ili isiibiwe na mapadri. Akanipa pia kale, kipande cha mti mgumu cha kuweka nyuma ya gurudumu. Konvoyeri wa siku zile alikimbia nyuma ya basi kila kilima na kale begani. Basi ikianza kurudi nyuma, unaitupa chini ya tairi kabla watu hawajamaliza kuita jina la Mungu. Nimeokoa roho za watu kwa kipande kile cha mti mara elfu kumi, tuseme mara tisa.

Manifeste yangu ya kwanza niliichora. Mama wa kuku nilimchorea kuku. Katekista nilimchorea msalaba, na askari nilimchorea mtu mwenye mdomo mkubwa. Kwenye mstari wa tatu sikuchora kitu. Tulipofika kizuizi cha kwanza, mkubwa wa pale aliomba orodha, akaigeuza juu chini, akauliza hii ni basi ama ni shamba ya wanyama. Muzee Asukulu alicheka mpaka akazima moto wa gari. Juma lile lile nikaingia shule ya mangaribi, ile ya jioni. Nilisoma miaka mingi, nikiwa nimekaa kwenye benchi moja na watoto wa watoto wa wenzangu, na siku ya kupokea diploma nilikuwa na meno machache kuliko mwalimu. Lakini tangu hapo hakuna mkubwa wa kizuizi aliyegeuza orodha yangu juu chini. Ilisomeka kama Biblia, na ilikuwa na majina mengi kuipita.

Muzee Asukulu alinifundisha kupakia, na hilo ndilo darasa ambalo hamtalipata kwenye pikipiki. Magunia ya unga wa muhogo yanakaa chini, karibu na gurudumu la nyuma. Mafuta ya mawese yanafungwa yakiwa yamesimama, mbali na magodoro. Kuku wanakwenda nyuma na mama yao, yaani aliyewanunua. Vitunga vya samaki mbichi vya Mboko vinapanda mwisho, juu ya paa, upande wa mbele kabisa, ili vipigwe upepo na visichafue mizigo ya watu. Kila safari, mahali palepale. "Gari ni tumbo," alikuwa anasema. "Ukiijaza vibaya inatapika."

Sasa kiti namba tatu. Kilikuwa mstari wa mbele, nyuma ya shofere. Baraka sikukiuza hata siku moja. Wakubwa wamenitishia, wachungaji wamenibembeleza, mtu mmoja alikaa kwa nguvu. Nikamnong'oneza habari ya mwenye kiti, akashuka hata kwenye basi. Na mimi mwenyewe sikukitazama moja kwa moja. Mwanamke wa namna ile humkazii macho. Tukifika Uvira nilikipangusa kwa kitambaa huku uso wangu umegeukia dirishani, nikisema pole pole, "Karibu tena, mama."

Mwaka wangu wa pili, tulipofika Mboko, watu walikuwa wanasubiri kando ya barabara na kipoyi, kile kitanda cha miti cha kubebea wagonjwa. Mvuvi mmoja alikuwa amelala juu yake, mguu umevimba kama mtungi, anapelekwa kwa daktari wa kupasua Uvira. Basi ilikuwa imejaa mpaka kwenye ngazi. Muzee Asukulu hakugeuka hata kichwa.

"Mumuweke ku namba tatu."

"Muzee, ile kiti..."

"Iko mutu ndani yake?"

"Haonekane."

"Basi mutu asiyeonekana hana kilo. Mupandishe."

Nikasimama mbele ya kiti, nikaomba radhi kwa heshima, nikaeleza kwamba huyu ni mgonjwa na ni mtu wa ziwa kama yeye. Tukamlaza mvuvi. Alirudi baada ya majuma akitembea. Nikajua kwamba bibi wa ziwa ni mwenye huruma, na kuanzia pale nikaweka sheria: namba tatu inatoka Baraka tupu, na Mboko inampokea mgonjwa. Habari ikaenea. Watu wa Mboko hawakuuliza tena kama nafasi iko. Walisikia honi yetu, na honi ile ilisikika mpaka Bibokoboko juu milimani, ng'ombe wa huko waligeuza masikio. Wakamtoa mgonjwa wao kando ya barabara, wakangoja. Wamekaa pale wenye malaria ya kichwa, waliovunjika, waliokuja kujifungua kwa shida. Hakuna aliyekufa kwenye namba tatu. Andikeni hilo mahali, vijana, kwa sababu si maneno ya kuongeza chumvi. Mengine ndiyo nimeongeza.

Siku zile basi ilikuwa posta, radio na saa ya ukutani. Mtu wa Kilembwe aliteremka na karanga zake siku moja kabla, akalala kwa ndugu, asubuhi yuko safarini. Mwanafunzi alijua siku gani anarudi shule. Mkwe alituma barua kwa mkono wangu na jibu likarudi kesho yake, tena na matusi yake yote, sikupunguza neno.

Basi haikufa kwa siku moja. Ilikufa kama mtu anayehama nyumba kidogo kidogo, leo anatoa meza, kesho kitanda. Kwanza tuliondoka kila siku, kisha siku tatu kwa juma, mwisho ikabaki siku ya nne, yaani Alhamisi, peke yake. Madaraja ya miti yaliondoka na mito. Mashimo yakawa makubwa, kuna moja ungeweza kuficha parokia pamoja na mnara wake. Siku nyingine habari za bunduki zilishuka kutoka milimani na patron, mwenye basi, akasema gari isitoke. Vipuri vikachelewa, makanika wakahama. Tuliokuwa saba kwenye ajansi, ofisi ya basi, tukabaki wawili, muzee Asukulu na mimi, nami nikawa mkubwa wa ajansi, muuza tiketi na konvoyeri kwa pamoja, nakimbia na kale nyuma ya gari nikiwa na tai shingoni.

Wasafiri waliteseka. Wa Kilembwe alifika akakuta tumetoka jana, akauza karanga zake palepale kwa aliyejitokeza. Bamama wa Bibokoboko walileta jibini, ikangoja mpaka ikakaribia kutembea yenyewe. Wenye nguvu walipanda pikipiki, watatu na mzigo, wengine wakaingia kwenye boti. Asiyeweza pikipiki wala boti alibaki nyumbani. Huyo hamkumwona parkingi, ndiyo sababu mnafikiri hayupo.

Kwenye mwaka ule wa basi ya siku moja ndipo nilipompata Mama Neema. Ni mkimbizi wa Burundi, analima mahindi na muhogo upande wa Mboko, mwanamke mrefu asiyepoteza neno. Alikuwa kando ya barabara na mtoto mchanga mgongoni. Nikauliza mgonjwa yuko wapi. Akamgeuza mtoto, akanionyesha: nyayo zote mbili zilikuwa zimepinda ndani, zinatazamana kama watu wanaogombana.

"Banasema Uvira iko mutu wa kunyoosha," akasema. "Anafunga na plâtre. Kila juma anaitoa, ananyoosha kidogo, anafunga ingine. Mara sita."

"Na ukikosa juma moja?"

"Miguu inarudia njia yake. Tunaanza tena ku mwanzo."

Plâtre ni ule unga mweupe unaokauka ukawa jiwe. Pikipiki ingeitikisa ipasuke, na kwenye boti ingelowa iwe ugali. Basi peke yake ndiyo ingefaa, na basi ilikuwa na safari moja kwa juma: siku ya nne kwenda, siku ya tano kurudi. Plâtre sita, safari sita. Nikampandisha namba tatu. Lakini nikakumbuka unyevu wa mwenye kiti, nikatoa kwenye sanduku langu shitingi, ile plastiki ya kufunikia nyumba za kambini, nikampa bila kutazama.

"Jifunike na mutoto. Kiti hii iko na maji yake."

"Ninaona," akasema.

Akajifunika mpaka kichwani. Nikafurahi, nikasema huyu mama ana adabu, hataki kumkodolea jirani macho.

Juma la pili, la tatu na la nne alikuwepo, na kila juma nyayo zilikuwa zimegeuka kidogo. Nilianza kuziandika kwenye manifeste, kwenye nafasi ya mizigo: "Miguu miwili, inaendelea." Juma la nne, tuliporudi Baraka, patron alituita. Mtu mpole, si mbaya, lakini basi ilikuwa imemchosha. Akasema safari ijayo haipo, gari inarudi nusu tupu, anaiweka juu ya mawe.

Nikamwambia, "Patron, bado plâtre mbili."

"Gari yangu inanyoosha miguu, Wilondja?"

"Ya mutu moja, ndiyo."

Kisha akasema kama nitaijaza, kiti kwa kiti, mara mbili, basi itaondoka mara mbili. "Hata namba tatu," akaongeza. "Nimechoka na hadisi ya namba tatu."

Nimewahi kukimbiza basi milimani, lakini sijawahi kukimbia kama juma lile. Nilikwenda mlango kwa mlango Baraka nzima. Waliokuwa wanataka pikipiki niliwaeleza magonjwa ya mgongo ambayo daktari mwenyewe hajayasikia. Bado viti vilikuwa wazi. Ndipo nikakumbuka kwaya moja ya Kiprotestanti iliyokuwa inajisifu kwamba inaimba kupita kwaya zote za kando ya ziwa. Nikamfuata kiongozi wao, mama mnene mwenye sauti ya tarumbeta, nikamwambia nimesikia Uvira wanasema kwaya yake inaimba puani.

"Nani anasema?"

"Mimi ni mutu wa basi, mama. Ninasikia tu."

Siku ya nne kwaya nzima ilikuwa parkingi, na ngoma zao, na mchungaji wao na gitaa lake. Namba tatu niliandika jina langu mwenyewe, nikajilipia kama msafiri yeyote, nikasimama mlangoni na kale. Patron alisoma orodha mstari kwa mstari, akafika kwangu, akanitazama, akatia sahihi. Mboko nikafuta jina langu, nikaandika la Neema. Hiyo ilikuwa plâtre ya tano. Kwaya iliimba Uvira, watu wakapiga makofi, na kiongozi hakuridhika. Akataka juma linalofuata waende tena wamalizie waliokuwa hawajasadiki.

Safari ya sita wote tulijua ni ya mwisho, isipokuwa basi, ambayo ilijua kabla yetu. Ilitoka Baraka inakohoa. Tulipita Mboko, tukapakia samaki, tukampandisha Mama Neema na shitingi yake. Hatujakwenda mbali baada ya kijiji cha Makobola, injini ikanyamaza katikati ya kilima. Nikatupa kale. Muzee Asukulu akashuka, akafungua, akaingiza mikono yote miwili mpaka mabegani, akakaa humo muda wa misa mbili. Jua likaanza kuteremka upande wa milima. Mtu wa plâtre alikuwa anafunga kazi saa kumi, na kesho yake alikuwa anasafiri. Hilo Mama Neema alituambia mara moja tu, bila kupandisha sauti, kisha akamshika mtoto magoti.

"Muzee," nikauliza, "itawaka?"

"Ku kilima, hapana. Ku muteremuko, inaweza."

"Muteremuko iko wapi?"

Akaonyesha juu. Kilele kilikuwa mbele yetu, tuseme hatua mia tatu. Mimi nikiisimulia kanisani huwa ninasema elfu tatu.

Kiongozi wa kwaya akavua viatu. "Sauti ya chini bakuje nyuma," akasema. "Sauti ya juu, ku pembeni. Muchungaji ashike gitare." Wakasukuma wakiimba, muzee Asukulu akitembea kando ya mlango mkono mmoja kwenye usukani, na mimi nyuma yao na kale, kila hatua moja naiweka, naitoa, naiweka. Basi kubwa ile, na mizigo, na samaki, na Mama Neema ndani peke yake, kwa sababu hakuna aliyemruhusu ashuke. Kwenye kilele muzee Asukulu aliruka kwenye usukani, gari ikateremka kimya, ikapiga kelele moja, ikawaka. Tulipanda ikiwa inakwenda. Tenor mmoja aliachwa, akafika na pikipiki.

Tuliingia Uvira moja kwa moja mpaka mlango wa hospitali, jambo lililokatazwa. Mtu wa plâtre alikuwa anavua koti lake jeupe. Muzee Asukulu akapiga honi ndefu, ile ya Bibokoboko. Yule mtu akatazama basi, akatazama kwaya yote ikiwa na matope mpaka usoni, akavaa koti tena. Plâtre ya sita ilifungwa. Nikaandika kwenye manifeste: "Miguu miwili, imefika." Ni mstari wangu wa mwisho kuandika kazini, na katika maandishi yangu yote, pamoja na yale ya diploma, ndio ninaojivunia.

Basi ilirudi Baraka ikivutwa na lori. Iko mpaka leo kwenye kiwanja cha patron, juu ya mawe, bila tairi, mizigo yote imetolewa. Muzee Asukulu amerudi Fizi, anafuga mbuzi na kuwaamuru kama abiria. Mimi ninakwenda kuketi kwenye basi ile kila siku, mlangoni, mahali pangu.

Mwaka huu, siku ya soko, Mama Neema alipita kunisalimu. Ametoka Mboko kwa pikipiki, amebeba mahindi. Alikuwa amemshika mtoto mkono, na mtoto alikuwa anatembea. Akapanda ngazi ya basi mguu mmoja, halafu mwingine, nyayo zimelala bapa chini, akapita mbele yangu bila kunisalimu kama mkubwa yeyote, akajikalisha namba tatu.

"Mama Neema," nikasema, "mutoe mutoto pale. Kiti iko na mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

Nikamweleza yote, tangu yule konvoyeri wa ndizi mpaka leo. Alisikiliza mpaka mwisho. Mtoto alikuwa anacheza na kitu kwenye goti lake, anajaribu kukishika na hakishikiki: duara dogo la jua. Mama Neema akainua macho juu, nami kwa mara ya kwanza nikatazama pale moja kwa moja.

"Baba Wilondja," akasema, "paa iko na tundu. Ni pale mulikuwa munapanga bitunga ya samaki. Maji yabo ilikuwa inadondoka hapa."

Nikamuuliza amejua tangu lini.

"Tangu plâtre ya kwanza. Ilikuwa inanidondokea mu kichwa. Nilizani ndiyo sababu ulinipatiaka shitingi."